Maji ya Chumvi Chini ya Ukuta

Jumamosi, 3 Shaabani

Siku ya kumi na tisa ya eda. Nimetwanga mtama tangu asubuhi. Mikono imetoka malengelenge. Mashine ya kusaga iko hatua sita kutoka hapa, kwenye banda la uani, imefunikwa tanga kuukuu. Hakuna anayeigusa. Mama mkwe akipita pale hugeuza uso.

Sanduku bado linaning'inia ukutani mbele ya banda. Tupu, mlango wazi. Athmani alilitundika mwenyewe mwezi mmoja kabla hajafa. Wataliani wa nyumba ya mota ya umeme, alikokuwa akifanya kazi, huliita kwadro. Yeye aliliita sanduku mtoto. Sanduku mama ni lile la mlangoni, penye mita, la taa. Alisema taa na mashine hazili sahani moja. Mashine ni mlafi, lazima atengewe chake, kwa waya wake mnene na fyuzi zake mwenyewe. Nilimcheka sana siku ile.

Naandika katika daftari lake la kazi. Mbele kumejaa michoro yake ya waya. Mimi nimeanzia nyuma.

Jumatatu, 5 Shaabani

Niandike, maana hapa hakuna wa kunisoma.

Athmani alikuwa na haraka. Ramadhani inakuja, wanawake wa mtaa wanataka unga. Hakungoja sanduku mtoto limalizike. Akaiunganisha mashine na sanduku mama kwa waya wa muda, aone tu kama inazunguka. Fundi Bakari, mwenzake wa kazi na rafiki yake tangu chuoni, ndiye aliyemfungia fyuzi. Mashine ikazunguka vizuri siku nne. Siku ya tano, baada ya alasiri, Athmani akashika chuma cha mashine na mkono haukuachia.

Sikuwapo. Nilikuwa kisiwani Ngumi kwa dada yangu, amejifungua. Nilikaa siku ishirini na sita. Nilipofika Kismayu walikuwa wamekwisha kuzika.

Kesho yake akaja msimamizi Mtaliani. Akafungua mashine, akaona waya mmoja umechubuka, unagusa chuma. Akasema mashine kuukuu zina mambo hayo, na ndiyo sababu ya kuweka waya wa ardhi: umeme ukivuja, hushuka kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa chini ya ukuta, fyuzi ikakatika, mtu akapona. Akaipima ardhi. Nzuri. Lakini fyuzi haikukatika, majirani wote waliiona nzima wakati mmoja wao alipoing'oa kuzima umeme. Katika zile vurugu ikapotea. Basi, akasema Mtaliani, fundi aliweka waya mnene kupita kiasi kwenye fyuzi. Bakari akafukuzwa siku hiyo hiyo. Mji mzima unamwita muuaji. Hawamwiti mbele yake, lakini masikio anayo.

Sasa lile ninalolijua mimi.

Mchanga wa mtaa huu ni mkavu, na mchanga mkavu haupokei umeme. Athmani aliniagiza: kila asubuhi, kopo moja la maji ya kisima, tia chumvi, mimina penye fimbo. Nilimimina miezi miwili. Mama mkwe aliniuliza mara moja nimefukia nini pale. Nikacheka, nikamwambia nauotesha mnazi wa mwanawe. Hakucheka. Nilipoitwa Ngumi niliondoka mbio, chombo kinangoja. Sikumwagiza mtu amimine.

Na ardhi aliyoipima Mtaliani? Athmani alioshwa pale pale uani. Ufuo, lile shimo la kupokea maji ya maiti, ulichimbwa chini ya ukuta ule ule. Maji ya kumwosha yeye ndiyo yaliyoilowesha. Wiki nne zilizotangulia ilikuwa kavu kama jivu.

Nimemwua mimi. Si Bakari. Nimeandika, na mkono unataka kuuchana ukurasa.

Jumatano, 7 Shaabani

Kaka yangu Omari amekuja kutoka Ngumi. Yeye ni fundi wa vyombo vya baharini, amekuja kununua misumari ya shaba. Amekuja pia na neno. Fundi Bakari anaomba ruhusa kulimaliza sanduku. Hataki malipo. Anasema kazi ya Athmani isibaki inaning'inia.

Mama mkwe alipandwa na hasira. Mkono ule hauingii nyumba hii, alisema, na mashine itupwe baharini. Mimi tangu eda ianze nimekuwa bubu. Leo nikafungua mdomo. Nikasema sanduku limalizwe, na alimalize yeye. Akaniuliza kwa nini. Nikasema Athmani alimwamini. Ni kweli, ila kweli yenyewe haikuishia hapo.

Kisha akasema aje, lakini yeye atakaa katikati.

Namwogopa. Na nampenda. Tangu niolewe hajanilia njama hata siku moja, amenilisha kwa mkono wake nilipoharibu mimba. Akijua, atanitoa. Nami sitamlaumu.

Jumamosi, 10 Shaabani

Amekuja. Sikumwona, eda hairuhusu. Pazia limetundikwa kwenye mlango wa uani, mimi ndani, wao nje. Mama mkwe kwenye kiti cha mbao, katikati, na tasbihi yake.

Omari amechonga ubao wa kulishikilia sanduku, kwa tezo, kana kwamba ni ubao wa chombo kipya. Bakari akamwambia umekuwa mzuri kuliko sanduku lenyewe. Omari akatoboa kwa keekee, Bakari akakaza parafujo. Kazi yao ina sauti ya utulivu. Ilinikera. Nilitaka agonge, atukane, avunje kitu.

Kila anachofunga anakitaja kwa sauti. Mwanzo nilidhani anamfundisha Omari. Baadaye nikaelewa ananiambia mimi, mwenye nyumba, nijue kilichomo. Huu waya mnene unatoka sanduku mama. Hii swichi kubwa inazima kila kitu, mkono mmoja tu, hata mtoto anaweza. Hizi fyuzi tatu. Huu wa kijani, wa ardhi.

Alipofika kwenye fyuzi alimwita mama mkwe. Akamwomba aushike waya wa fyuzi kwa vidole vyake, auone ulivyo mwembamba. Mama mkwe hakunyoosha mkono. Bakari akasimama vile vile na waya wake kiganjani, Omari aliniambia, mpaka ukamwangukia chini.

Jumapili, 11 Shaabani

Wamepitisha waya chini ya boriti mpaka bandani, na ule uliochubuka ndani ya mashine wameutoa, wametia mpya. Nimepika wali, Omari akawapelekea. Bakari alikula mbali na wengine bila kuambiwa. Amekwisha kuzoea.

Alhamisi, 15 Shaabani

Nimefunga. Nimesoma Yasini mara tatu. Nimeomba msamaha kwa Mungu, kwa Athmani, kwa kila mtu isipokuwa mama mkwe na Bakari, walio uani. Kumwomba Mungu ni rahisi, hanitazami usoni nikimpa chai.

Jumapili, 18 Shaabani

Leo ameipima ardhi.

Hana kile kipimo cha Mtaliani. Anayo taa moja yenye nyaya mbili. Waya mmoja kwenye umeme, mwingine kwenye fimbo ya shaba. Ardhi ikiwa nzuri taa huwaka sana. Alimweleza Omari, nami nasikia. Tangu maiti ioshwe ni zaidi ya mwezi, na mimi sijamimina hata tone. Siwezi kulishika kopo lile. Liko chini ya ngazi, na chumvi yake.

Omari akasema taa haiwaki. Bakari akasema inawaka, itazame vizuri. Uwekundu kidogo tu, ndani ya kioo.

Nilisikia kuku wa jirani.

"Shemeji," Bakari akaniita, "hapa penye fimbo, kuna mtu alikuwa akimimina maji?"

Nikasema, "Kila siku."

"Hata ulipokuwa Ngumi?"

"Kila siku," nikasema tena.

Tasbihi ya mama mkwe ilisimama. Nikadhani amesinzia.

Bakari hakuuliza la tatu. Akasema, "Haya, shemeji." Akateka ndoo kisimani, akatia chumvi, akamimina yote. Mwanga ukapiga kwenye pazia, mkali, nikajifunika macho.

Anajua. Wallahi anajua. Mtu aliyeishi na waya miaka kumi hawezi kuiona taa ile akakosa kujua. Na amefunga mdomo kwa sababu mimi ni mjane niliye ndani ya eda, na mke wa rafiki yake. Mimi nimesema uongo mara mbili kwa pumzi moja, yeye ameninyamazia.

Jumanne, 20 Shaabani

Msimamizi amekuja kukagua. Bakari haruhusiwi kuonekana, amebaki kwao. Mtaliani alifungua sanduku mtoto, akavuta kila waya, akasema kazi safi sana. Akauliza nani. Omari akatazama miguu yake. Fundi mwingine wa nyumba ya mota akatia jina lake kwenye karatasi, mtu ambaye hakukaza hata parafujo moja. Sanduku likatiwa lakiri.

Mashine imewashwa. Wote walirudi nyuma mpaka ukutani. Ikanguruma, ikatulia kwenye mzunguko wake, unga ukatoka wa moto. Wanawake waliokuwa wakingoja na vikapu vyao wakalia. Walilia kwa ajili ya Athmani. Mama mkwe aliingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Sikuonja unga ule.

Asubuhi na mapema nilijilazimisha kulishika kopo. Nilimimina. Nusu ya maji yakamwagikia miguu yangu.

Jumamosi, 24 Shaabani

Arubaini ya Athmani.

Hitima imesomwa ukumbini na barazani. Mimi niko juu, nyuma ya dirisha la mbao. Naona, sionekani. Wanaume wengi, mpaka wengine wakakaa njiani. Bakari alikuja kanzu safi, akaketi mwisho kabisa, karibu na viatu. Alisoma juzuu yake kama wengine.

Zikaja sinia za pilau. Kila sinia watu watano. Ile ya mwisho ikawekwa mbele yake na wengine wanne. Mmoja akanawa, akamtazama, akainuka. Wa pili akainuka. Walihamia sinia nyingine tu, wakabanana. Wote wanne. Bakari akabaki na sinia nzima peke yake, amekwisha kunawa, maji yanamdondoka mkononi.

Hakuondoka. Akasema bismillahi, akala tonge tatu, kwa heshima ya marehemu. Kisha akainuka, akatafuta viatu vyake. Kimoja kilikuwa kimepigwa teke mpaka mtaroni.

Mimi juu nimejiuma kanga nisipige ukelele.

Najichukia. Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumapili, 25 Shaabani

Nimesema.

Mama mkwe alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Nikapiga magoti mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakakimbia.

"Mama, fyuzi ya Bakari haikuwa na kosa. Mimi nilikwenda Ngumi nikaiacha ardhi ikauke."

Nikamweleza kopo, chumvi, ufuo, kila kitu. Aliendelea kuchagua. Chuya huku, mchele huku. Nilipomaliza aliupepeta ungo mara moja, akainuka, akaenda zake. Hakunitukana. Ningetukanwa ningeshukuru.

Nimefunga nguo zangu kwenye kanga. Omari yuko mjini bado. Sijui mtu aliye edani hutolewaje nyumbani. Watajua wao.

Jumatatu, 26 Shaabani

Chakula amenipakulia, ameweka mlangoni. Mashine imesaga tangu saa mbili. Naisikia hata ikizimwa.

Jumanne, 27 Shaabani

Amekuja baada ya adhuhuri, na kopo lile mkononi. Nilijua amekuja kunitoa. Akakaa kwenye kitanda, upande wa Athmani. Alikuwa mzee leo, sijawahi kumwona mzee vile.

"Ulipoondoka aliniagiza mimi," alisema. "Nikamwambia nitamimina. Sikumimina."

Sikuelewa. Akarudia, neno kwa neno.

Kisha ikatoka yote. Kila asubuhi kabla ya jua aliniona nikiinama chini ya ukuta, midomo ikicheza, nikimimina maji ya chumvi penye kitu kilichofukiwa. Mimi nilikuwa nikisema bismillahi. Yeye alidhani ni fingo. Alidhani nimefukia uganga wa kumfunga mwanawe, asimsikilize mtu ila mimi. Aliniuliza nikamjibu kwa mzaha wa mnazi, ndipo akaamini kabisa. Athmani alimweleza habari ya umeme na ardhi, akaona mwanawe amekwisha kulishwa maneno. Nilipokwenda Ngumi akasema moyoni, afadhali, sasa likauke life. Na kila asubuhi Athmani akitoka kwenda kazini alimwuliza, Mama, umemimina? Naye alimjibu nimemimina, mwanangu.

Siku ishirini na sita.

Alijua tangu siku ile Mtaliani alipoeleza kazi ya fimbo. Alimwona Bakari akifukuzwa. Alimchukia Bakari kwa nguvu zake zote ili asibaki na nafasi ya kujichukia mwenyewe. Hayo kayasema yeye, si mimi.

"Sikumwambia mtu," akasema. "Hata kwenye sala nililikwepa."

Niandike kweli. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kulichukua kopo nimpige nalo usoni. Na wakati huo huo mzigo ulinitoka mabegani, nikaona raha, na raha ile ikanitia aibu kuliko hasira. Nikamwambia lakini mimi ndiye niliyeondoka bila kuagiza.

"Wewe ulisahau," alisema. "Mimi sikusahau."

Tukakaa. Hakuna aliyemshika mwenzake. Aliponyanyuka akaona furushi langu la nguo pembeni. Akalifungua, akazipanga tena kashani, moja moja, kama alivyonipangia siku nilipoletwa bibi harusi.

Jumatano, 28 Shaabani

Mama mkwe amevaa buibui lake, ametoka na Omari. Kwanza msikitini. Wanaume walikuwa wakitoka alasiri. Akasimama mlangoni, mwanamke mzee, jua kali, akawaambia. Omari anasema hakupunguza hata neno. Akaulizwa mara mbili kama akili yake ni nzima. Akasema leo ndiyo nzima.

Jina langu hakulitaja. Nilikuwa nimemwambia alitaje. Omari alipomkumbusha alimjibu kwamba la mkwewe atalisema mkwewe, eda ikiisha, kwa mguu wake mwenyewe.

Nitalisema.

Halafu nyumba ya mota. Omari ana Kitaliani cha bandarini, kilimtosha kidogo. Msimamizi aliandika, akasema ataona. Kama kazi itarudi, hatujui.

Mwisho kwa Bakari. Alikuwa akitengeneza redio ya mtu. Alimpa mama mkwe kiti. Akamwambia kwamba tangu ile taa alijua ardhi ilikauka, na alifurahi kwa siku moja tu, kwamba mikono yake haikukosea. Baada ya hapo akaona furaha ile haina pa kwenda. Mama mkwe akamwomba radhi. Hakumjibu nimekusamehe. Alisema, "Mama, maji yasikatike tena." Omari anasema hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi.

Ijumaa, 1 Ramadhani

Mwezi umeonekana. Tumekula daku pamoja, uji wa mtama wa mashine yetu. Leo nimeula. Unga ni laini, una harufu kidogo ya chuma.

Omari ameondoka na misumari yake. Hakuniuliza tena kama nitarudi Ngumi.

Baada ya kusali alfajiri nilishuka kuchukua kopo. Halikuwa chini ya ngazi. Nikatoka uani. Kopo lilikuwa juu ya ukuta mdogo wa kisima, limefunikwa kifudifudi, chumvi imeganda ukingoni.

Chini ya ukuta, penye fimbo, mchanga ulikuwa mweusi kwa maji. Nikagusa. Ulikuwa umelowa mpaka ndani.

Mlango wa mama mkwe ulikuwa umefungwa. Nilimsikia akikohoa. Nikalirudisha kopo pale chini ya ngazi, nikaenda kuwasha swichi, wanawake walikuwa wamekwisha kufika na vikapu.